Profesa Aliyesoma Siri Gazetini

Perception ni tamthilia ya Marekani iliyorushwa na kituo cha TNT kuanzia 2012 hadi 2015. Mhusika wake mkuu, Daniel Pierce, ni profesa wa masuala ya ubongo anayefundisha Chicago, na anaugua skizofrenia. Mpelelezi wa FBI aliyewahi kuwa mwanafunzi wake humletea kesi zilizowashinda wenzake, na watu wasiokuwepo, ambao profesa huwaona na kuzungumza nao peke yake, humdokezea njia ya kumfikia muuaji. Inanoga. Ubaya wake ni kwamba mtazamaji huzima runinga akiamini kuwa ugonjwa ule ndio unaompa profesa kuona, na ukimtibu sana utampofusha.

Marekani ilikuwa naye kweli profesa aliyejiona hivyo. Mwanahisabati John Nash alizaliwa 1928 huko Bluefield, West Virginia. Mwaka 1950, akiwa kijana wa miaka 21 tu, aliwasilisha Princeton tasnifu fupi ajabu, isiyofika kurasa 30, iliyoonyesha jinsi washindani wanavyoweza kufikia mahali ambapo hakuna anayefaidika kwa kubadili mbinu peke yake. Kazi hiyo ndiyo iliyompa Tuzo ya Nobel 1994, pamoja na John Harsanyi na Reinhard Selten. Zishike tarehe hizo. Alipoiandika alikuwa mzima.

Mwaka 1955, bado mzima, aliiandikia NSA, idara ya Marekani inayoshughulika na mawasiliano ya siri, akipendekeza mashine ya kuficha ujumbe. Barua hizo ziliwekwa hadharani 2012, na wataalamu wakastaajabu jinsi alivyowahi mawazo ambayo fani hiyo ilikuja kuyakubali miaka mingi baadaye. Jibu alilopewa wakati ule lilikuwa la kistaarabu: asante, lakini mpango wako hautufai. Kwa hiyo mara moja tu Nash aligonga hodi kwenye siri za dola akiwa na hoja ya maana, na hakukaribishwa ndani.

Miaka minne baadaye alianza kujikaribisha mwenyewe. Akiwa mhadhiri wa MIT, aliingia chumba cha mapumziko na nakala ya New York Times, akawaambia wenzake kuwa humo mna ujumbe wa siri kutoka anga za mbali, na kwamba yeye ndiye anayeweza kuusoma. Waliomsikia walidhani ni mzaha. Nash alijulikana kwa vituko na kwa kujisikia, nani angeshangaa? Akaona wanaume waliovaa tai nyekundu kuwa ni kundi la njama. Akaziandikia balozi za nje barua kuhusu serikali aliyokuwa akiiunda. Akakataa nafasi nzuri aliyoitiwa Chicago, kwa maelezo kwamba anatarajiwa kuwa mfalme wa Antaktika. Februari 1959 alisimama Chuo Kikuu cha Columbia kueleza fumbo la hisabati la Riemann mbele ya wanahisabati wakubwa, na maneno yakatoka bila kushikana. Hapo ndipo wengi walipong'amua. Aprili mkewe, Alicia, akiwa mjamzito, aliidhinisha alazwe McLean, hospitali ya magonjwa ya akili.

Mtu asiyekuwa na sifa angeshtukiwa mapema zaidi. Sifa zake ndizo zilizokuwa pazia. Huku kwetu pazia hilo tunalifuma kwa mikono yetu: kijana wa chuo halali usiku, haogi, anaandika barua za kurasa kumi kwenda Ikulu, na jamaa wanasema, kwa fahari kidogo, kwamba kasoma mno, vitabu vimempanda kichwani. Wanasubiri mitihani ipite. Mwingine anapelekwa kwa mganga kwanza, kwa kuwa majina ya hospitali za akili, Mirembe na Mathari, yamegeuzwa matusi ya mitaani, na hakuna mzazi anayetaka jina hilo mlangoni kwake.

Huko McLean mwanahisabati wa Harvard, George Mackey, alikwenda kumjulia hali na akamuuliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo: wewe uliyezoea hoja na uthibitisho, uliwezaje kuamini kuwa viumbe wa angani wanakutumia ujumbe? Nash alijibu kwamba mawazo hayo yalimjia kama yalivyomjia yale ya hisabati, ndiyo maana aliyachukulia kwa uzito. Sijasoma maelezo ya ugonjwa huu yanayonitisha kuliko hayo. Kweli na upuuzi viliingia kwa mlango uleule, na mlangoni hapakuwa na bawabu. Watunzi wa tamthilia huushika mlango huo na kuuita kipaji. Wanasahau kuwa hisabati ya Nash ilipitia uthibitisho, hatua kwa hatua, kabla ya kuaminiwa, na kwamba bawabu huyo ndiye ambaye ugonjwa ulimwondoa.

Yaliyofuata hayafai kwa tamthilia. Alikwenda Ulaya kujaribu kuukana uraia wake. Mwaka 1961 alilazwa Trenton, hospitali ya serikali, akatiwa usingizi mzito kwa insulini, tiba ambayo siku hizi imeachwa. Ndoa ikavunjika 1963. Kwa miaka mingi alizunguka majengo ya Princeton akiandika ubaoni mafumbo ya tarakimu ambayo hayakumfikia mwizi wala jasusi. Alicia, talaka ikiwa mkononi, alimpa tena paa mwaka 1970, na chuo kikamwacha atembee bila kubughudhiwa. Akili ilirejea polepole mno. Walioana tena 2001.

Mwaka huohuo filamu ya A Beautiful Mind ilimwonyesha Nash akiitwa Pentagon kusoma tarakimu ukutani, jambo ambalo halikutokea, na akiona watu wa kubuni, ingawa Nash alikuwa akisikia sauti tu. Halafu filamu ikamfanya aseme kuwa anatumia dawa za kisasa. Nash halisi aliacha dawa tangu 1970. Uongo huo wa mwisho nausamehe, kwa sababu mgonjwa mmoja aliyepona bila vidonge, huku Alicia na chuo kizima wakimtazama, si kipimo cha mgonjwa aliye chumba cha nyuma cha kaka yake. Mtoto wao aliyezaliwa 1959 alikuja kupata shahada ya uzamivu ya hisabati, akaugua skizofrenia ileile ya baba yake, na matibabu yake hayakukoma.