Hesabu Iliyofutwa

Katika lugha yetu neno hesabu hubeba mambo mawili: kazi ya kujumlisha na kutoa, na ile siku ambayo kila nafsi itasimama mbele ya Mola wake ijibu kwa yale iliyoyatenda, wala sidhani kwamba wahenga walipungukiwa na maneno.

Nililitafakari jambo hili mjini Bunia, mashariki mwa Kongo, katika duka la mnunuzi wa dhahabu, nikimtazama kijana aliyetoka machimbo ya Mongbwalu akifungua kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Mnunuzi aliitia dhahabu mizanini, akabonyeza mashine ya hesabu ya Kijapani, ambayo tarakimu za vitufe vyake zilikuwa zimelika kwa vidole, akamgeuzia kijana.

“Umeona?”

“Nimeona, mzee.”

Kisha kidole gumba kikabonyeza kitufe cha kufutia, na kiooni ikabaki sifuri moja.

Babu wa mashine zile, Casio 14-A ya mwaka 1957, alikuwa na uzito wa kilo 140. Mwaka 1971 Busicom ikatoa Handy LE-120A ya kutiwa mfukoni, na mwaka 1972 Casio Mini, kwa yeni 12,800, ikawafikia watu wa kawaida. Kioo chake kilionyesha tarakimu sita: ile noti ya zaire 5,000,000, iliyotolewa Kinshasa mwaka 1992, isingalienea humo.

Lakini linalonishughulisha si wepesi wala bei, bali kumbukumbu. Mwaka 1950 mwanajiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua huko Ishango, pale Mto Semliki unapotoka Ziwa Edward kuelekea Ziwa Albert, mfupa wa miaka ipatayo 20,000, uliochanjwa mikato ambayo safu yake moja ni 11, 13, 17 na 19, jumla 60. Mikato ile ingalipo, Brussels; wenye deni, ikiwa lilikuwa deni, wametoweka. Mashine hukumbuka kwa pumzi moja, na wenye deni wangali hai.

Basi jumla iliyofutwa imekwenda wapi? Mimi naitakidi kwamba haikwenda popote, kwa kuwa kweli ya hesabu haikai mfupani wala kiooni, bali kwa Yule aliyeijua kabla haijahesabiwa; na amana yake hubaki shingoni mwa aliyebonyeza, maana mashine haina dhima, nayo hujumlisha sawasawa hata uzito uliopunjwa.

Kijana alikikunja kikaratasi kitupu mara nne, kama kilivyokuwa, akakirudisha mfukoni.