Je, Ni Halali Kusikiliza Yasiyosemwa Kwetu?

Ni desturi yetu kwamba mtu afikapo nyumbani kwa mwenziwe husimama nje akabisha hodi. Asipoitikiwa hata mara ya tatu huenda zake, ijapokuwa asikia sauti za watu ndani. Twaanza na jambo hili, ambalo kila mtoto alijua, kwa sababu siku hizi tumetazama sinema ndefu iliyotutia mashaka rohoni, nasi twapenda kuwashirikisha mashaka hayo.

Sinema yenyewe yaitwa The Beatles: Get Back. Ilitolewa mwaka 2021 na Peter Jackson, mtengenezaji wa sinema wa New Zealand, nayo ina sehemu tatu ambazo jumla yake yakaribia saa 8. Yawaonyesha waimbaji wanne wa Liverpool, Uingereza, yaani John Lennon, Paul McCartney, George Harrison na Ringo Starr, wakitunga nyimbo mnamo Januari 1969. Nyingi za nyimbo hizo zilitoka katika santuri iitwayo Let It Be, mwezi Mei 1970, wakati kundi lao lilipokuwa limekwisha kuvunjika. Picha si za Jackson. Zilipigwa siku zile zile na Michael Lindsay-Hogg, zipata saa 60, pamoja na saa 150 na zaidi za sauti. Kisha nyingi zikakaa ghalani muda wa nusu karne.

Mwanzoni hatukuona ubaya wo wote, bali tulifurahi. Mtu aliyezoea kuusikia wimbo ukiwa kamili hudhani ulishuka hivyo hivyo. Kumbe Paul ameketi na gitaa lake akimngoja John aliyechelewa. Apiga, arudia, avumisha sauti isiyo na maneno. George apiga miayo. Na baada ya dakika chache wimbo waanza kujitokeza, mfano wa mtu ajaye njiani kutoka katika ukungu. Tuliitazama sehemu hiyo mara mbili.

Lakini siku ya Ijumaa, tarehe 10 Januari, George aliiacha kazi akaenda zake. Jumatatu iliyofuata John na Paul walikula chakula cha mchana wakizungumza juu yake. Walikuwa wamekubali kupigwa picha wakiwa kazini. Mezani pale hapakuwa na kamera. Wala hawakujua ya kuwa ndani ya chungu cha maua Lindsay-Hogg amekwisha kuficha chombo cha kunasia sauti. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Hapa mtungi wenyewe ndio uliopeleka habari. Picha ya mazungumzo hayo haipo, ila sauti yasikika, na maneno yameandikwa mbele ya macho ya mtazamaji, asipitwe na hata moja.

Nao walisema nini? Tulitazamia masengenyo, tukasikia maungamo. John alisema uchungu wa mwenzao ni kama kidonda kilichooza, nao hawakumpa hata kitambaa cha kukifunga. Hapo ndipo ugumu ulipo. Tangu mwaka 1970, ilipotoka sinema ya kwanza iliyofanywa kwa picha hizi hizi, watu wengi waliamini kwamba Januari ile ilikuwa ya ugomvi mtupu. Basi chungu cha maua kimekuwa shahidi mwema wa watu waliodhaniwa kuwa na mioyo migumu. Je, tukikatae chombo kwa kuwa kiliwekwa kwa hila, hali kimewatetea wenyewe waliofanyiwa hila?

Twakiri hatukupata jibu upesi. Lakini liko jambo la pili, ambalo watu hawalitaji sana, nasi twaliona zito kupita la chungu. Jackson mwenyewe ameeleza kwamba waimbaji hao, walipotaka kusemezana faraghani, walizoea kupiga magitaa yao kwa nguvu ili mazungumzo yao yasinaswe. Miaka 50 hivi baadaye mafundi wake wakafundisha kompyuta kutenga sauti ya gitaa na sauti ya mtu. Gitaa likaondolewa, maneno yakabaki peke yake. Aliyezungumza karibu na chungu hakujua kama yuko mtu asikiaye. Bali huyu wa gitaa alijua, akafunga mlango kwa komeo alilokuwa nalo. Nasi tumeingia.

Mtu atatuambia kwamba ruhusa ilitolewa. Ni kweli, Paul na Ringo wamo katika orodha ya watayarishaji wa sinema, na pamoja nao Yoko Ono, mjane wa John, na Olivia Harrison, mjane wa George. Hao hatuwalaumu. Ila John aliuawa mwaka 1980, na George alikufa mwaka 2001, miaka 20 kabla sinema haijatoka. Mrithi hurithi shamba na nyumba. Kama arithi na neno ambalo marehemu alilifunika kwa makusudi, hatuna hakika. Luther katika Katekismo Kubwa ya mwaka 1529, akieleza amri ya nane, hakukataza uongo tu. Alisema hata kosa la kweli la jirani yako usilitangaze ikiwa hukupewa mamlaka ya kuhukumu.

Jambo moja katika sinema lilitupumzisha. Tarehe 22 Januari, George akiwa amekwisha kurudi, aliingia chumbani Billy Preston, mpiga kinanda, Mmarekani Mweusi ambaye walimfahamu tangu Hamburg mwaka 1962. Akaketi, akapiga, na nyuso zikabadilika saa ile ile. George alieleza baadaye kwamba watu hushika adabu mgeni akiwapo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu naye alisikia mambo yao, lakini alipita mlangoni, nao walimwona.

Twaandika haya yote kwa sababu sisi wenyewe tuna chungu chetu. Miaka kadhaa iliyopita, jioni moja, tulipita karibu na chumba cha kwaya katika usharika tuliokuwa tukiutumikia, tukasikia waimbaji wawili wakimsema mwalimu wao. Tulisimama. Waliyoyasema yalikuwa ya kweli, na mwishoni mmoja wao alisema hata yeye amemkosea mwalimu, naye angependa kumwendea. Sisi hatukungoja aende. Kwa nia njema, kama tulivyodhani, tuliyapeleka maneno hayo katika baraza la wazee ili jambo litengenezwe upesi. Mwimbaji yule alipojua kwamba alisikiwa, hakumwendea mwalimu tena, wala hakurudi kwaya. Alipokuja kutuuliza tuliyapata wapi maneno yake, tulimjibu kwamba mlango ulikuwa wazi kidogo.