Barua ya Kwanza: Kujisifu au Kushuhudia?

Kila mwaka, mitihani ya Kidato cha Nne imalizikapo nchini Uganda, huanza likizo ndefu ambayo kwa vijana wengi ndiyo mlango wa kwanza wa kuingilia kazini. Wamo wenye umri wa miaka 16, wamo wenye 17 na 18. Baadhi yao watarudi shuleni kuanza Kidato cha Tano. Wengine hawatarudi, kwa sababu karo haipo au alama hazikutosha. Wengi wao, kabla ya kwenda kubisha hodi dukani, hotelini au gereji, hupitia kwa mwalimu wa lugha wakiwa na ombi moja: wasaidiwe kuandika barua ya kuomba kazi.

Ombi hilo laonekana dogo. Barua ya kuomba kazi imo katika mafunzo yetu ya uandishi, na umbo lake twalijua: anwani mbili, tarehe, mtajo, kiini, hitimisho na sahihi. Lakini ndani ya umbo hilo mna swali la maadili, nalo yatupasa sisi walimu wa Kiswahili kulikabili waziwazi. Kijana ambaye hajaajiriwa hata siku moja, afikapo penye neno "uzoefu", aandike nini? Na sisi tumshikao mkono, tumfundishe kujisifu au tumfundishe kusema kweli?

Wako wasemao kwamba swali hili ni la watu walioshiba. Husema: nafasi ni moja, waombaji ni mia, na wote wamejipamba. Atakayeandika kweli tupu, barua yake haitasomwa hadi mwisho. Mwajiri mwenyewe, wasema, ajua kwamba barua hizi hutiwa chumvi, naye hupunguza kwa makisio yake. Basi asiyetia chumvi apunguziwa hata kile kidogo alicho nacho. Kwa nini mtoto wa maskini aadhibiwe kwa unyofu wake?

Hoja hiyo haifai kudharauliwa, maana yatoka kwa wazazi wanaoona njaa ikikaribia. Tena, hata wahenga wetu hawakutuachia jibu jepesi. Walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo yamkataza mtu kujinadi. Lakini barua ya kuomba kazi yamlazimisha kujinadi. Kijana aliyelelewa vyema, aliyefunzwa kutojitanguliza mbele ya wakubwa, atawezaje ghafula kujaza ukurasa mzima kwa sifa zake mwenyewe?

Sisi twaona kwamba njia ya kutokea katika mtego huu imo ndani ya lugha yenyewe. Natuyatazame maneno.

Kiswahili chatofautisha kazi na ajira. Ajira ni ukoo mmoja na ujira na mwajiri. Lazima pawe na mtu alipaye na mtu alipwaye. Kazi ni pana kuliko hivyo. Kulima shamba la nyumbani ni kazi, kuteka maji ni kazi, kulea wadogo ni kazi, ingawa hakuna anayelipa. Kwa hiyo kijana ambaye hajapata kuajiriwa huenda amefanya kazi tangu angali na miaka minane. Mwalimu Julius Nyerere, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, alilaumu shule iliyomtenga mtoto na kazi za jamaa yake. Hali kadhalika, mtaala mpya wa sekondari ya chini wa Uganda, ulioanza mwaka 2020 na ambao watahiniwa wake wa kwanza walimaliza mwaka 2024, wasisitiza yale mwanafunzi awezayo kuyatenda, wala hauridhiki na yale awezayo kuyakariri. Basi kijana akituambia, "Mwalimu, mimi sijafanya kazi yoyote," yatupasa kumwuliza: je, ni kazi ambayo hujaifanya, au ni ajira?

Neno la pili ni kibarua. Asili yake ni barua ndogo. Huko pwani, mtu wa kazi ya kutwa alipewa cheti, akakirudisha wakati wa kulipwa, kikawa ushahidi wa kazi yake. Jina la karatasi likahamia kwa kazi, kisha likamshika na mfanyakazi mwenyewe. Karatasi ile haikumsifu mtu wala kumtukana, ilishuhudia tu. Na neno shahada, tunaloliheshimu mno sisi watu wa shule, ni ndugu wa shahidi na ushahidi. Hati ya mtihani ni ushahidi kwamba fulani alifundishwa jambo fulani na akaliweza kwa kiasi fulani. Kumbe tangu zamani lugha yetu yatuonyesha kwamba karatasi ya kazi ni karatasi ya ushahidi. Ajisifuye hutaka aaminiwe kwa ukubwa wa maneno yake. Ashuhudiaye huleta jambo, mahali, na wakati, akamwachia msikilizaji kuamua.

Tufananishe kauli mbili. Ya kwanza: "Mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu, mwenye uzoefu mkubwa wa biashara na uwezo wa kufanya kazi yoyote." Ya pili: "Tangu mwaka 2022 humsaidia mama kuuza ndizi na mihogo sokoni kila Jumamosi. Mimi ndiye nihesabuye fedha jioni na kuandika daftari la madeni." Kauli ya kwanza yaweza kunakiliwa na waombaji wote mia, na pengine wameinakili kweli. Ya pili ni ya mtu mmoja tu. Haina neno hata moja la sifa, walakini mwenye duka aisomaye ajua kwamba huyu azijua hesabu, amekabidhiwa fedha, na amezoea kuamka mapema. Hapo ndipo methali yetu ifunukapo. Chema chajiuza, naam, lakini hata chema hupelekwa sokoni. Mwuza machungwa huyapanga mafungu, akageuza upande ulioiva uonekane. Hakuna amwitaye mdanganyifu. Atakuwa mdanganyifu siku atakapoyapaka rangi.

Somo hili ni la lugha hasa. Kijana afundishwe kuchagua kitenzi kinachotaja tendo badala ya kivumishi kinachotaja sifa. Afundishwe kutaja mwaka, siku na idadi. Afundishwe tofauti ya "naweza", "nimepata kufanya" na "niko tayari kujifunza". Huenda barua atakayoipeleka ofisini ikaandikwa kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi ya ofisi nyingi za Uganda. Lakini adabu ya kupima kauli ni moja kwa lugha zote. Tena yafaa tuanze na jambo lituhusulo. Katika miji ya mipakani kama Busia, Malaba na Mutukula, Kiswahili ni kitendea kazi, na vijana wengi huandika kwamba wakijua "kwa ufasaha". Siku ya kwanza akiletewa hati ya kusoma, ufasaha ule wayeyuka. Ni heri aandike: "Nasema Kiswahili cha sokoni bila taabu, nasoma vizuri, kuandika ningali najifunza." Mwajiri atajua ampange wapi.

Sasa twafika kwenye kiini cha jambo. Kwa nini kweli imfae kijana huyu, hata pale uwongo uonekanapo kumpa nafasi? Twajibu: kwa sababu uwongo wamnyang'anya haki ambayo kijana aanzaye kazi aihitaji kuliko mshahara, yaani haki ya kufundishwa. Aliyeandika kwamba ajua kuchomelea vyuma atakabidhiwa mashine asubuhi ya kwanza, wala hapana atakayemwonyesha namna ya kukinga macho. Aibu yamzuia kuuliza, maana kila swali lamfichua. Lakini aliyesema, "Mimi ni mwanagenzi," ana ruhusa ya kuuliza, ya kukosea mbele ya fundi wake, na ya kusahihishwa. Neno fundi na neno mwanafunzi ni watoto wa shina moja. Mmoja hawi bila kupitia kwa mwingine. Kijana akiruka daraja hilo kwa maneno matupu, atadaiwa na mikono yake kile kilichoahidiwa na kalamu.

Jambo hilo lazidi uzito linapohusu umri. Sheria ya Watoto ya Uganda, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, imeweka miaka 16 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 138 wa mwaka 1973 umeweka miaka 18 kwa kazi za hatari. Kijana wa miaka 15 ajifanyaye ana 18 huenda akapata kazi. Lakini amempa mwajiri mwovu kamba ya kumfungia. Mshahara ukicheleweshwa, atamshtakia nani? Akiumia, atasema nini? Akitishiwa kufichuliwa, atanyamaza. Sheria iliyowekwa imkinge mtoto haiwezi kumkinga aliyefichwa ndani ya tarehe ya uwongo.

Hapa hatuna budi kulitazama shauri gumu. Tuseme msichana wa miaka 15 amefiwa na baba, mama ni mgonjwa, na nyuma yake wako wadogo watatu. Amesikia kwamba nafasi ipo katika hoteli moja mjini, na kazi ni hadi usiku wa manane. Aja kwa mwalimu akiomba barua ya udhamini yenye kusema kwamba ana miaka 18. Je, tusaini?

Twasema: tusisaini. Sahihi ya mdhamini ni ushahidi, na ushahidi wa uwongo hauwi kweli kwa kuandikwa kwa huruma. Zaidi ya hayo, asomaye barua ile hamwoni mama mgonjwa. Aona mtu mzima wa miaka 18, atampangia zamu ya mtu mzima, na wateja wa usiku watamtazama kama mtu mzima. Lakini mwalimu akataaye kusaini kisha akafunga mlango, huyo ameilinda kalamu yake tu, mtoto hajamlinda. Kukataa kwake kwamwongezea deni. Yampasa kwenda kuonana na mama na ndugu wa ukoo, kuzungumza na mkuu wa shule juu ya karo, kumfikia ofisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, na kuuliza kama mtu mwaminifu wa jirani aweza kuipa familia ile msaada au kumpa mama kazi nyepesi ya nyumbani. Huenda asifanikiwe yote. Hata hivyo, neno "hapana" litakuwa limeandamana na miguu yake mwenyewe, na mtoto atajua kwamba amekataliwa uwongo, hakukataliwa yeye.

Wala haki haidai kweli kwa upande mmoja. Mwajiri atangazaye kazi ya kufagia na kubeba mizigo, kisha akataka "uzoefu wa miaka miwili" kwa mtoto aliyemaliza shule mwezi uliopita, huyo awafundisha vijana kusema uwongo. Wakala atozaye fedha kwa ahadi ya kazi isiyokuwepo ni mwongo mkubwa kuliko kijana yeyote aliyejiongezea sifa. Kwa hiyo kumwandaa kijana kwa kazi ya kwanza ni pamoja na kumfundisha kuuliza kwa adabu: Nitafanya kazi gani? Saa ngapi hadi saa ngapi? Mshahara ni kiasi gani, na hulipwa lini? Nani atanifundisha? Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi. Kijana aliyezoea kupima kauli zake mwenyewe atajua pia kupima kauli za aliye mbele yake. Hii ni faida ambayo wengi huisahau: asemaye kweli husikia upesi mahali kweli ipungukapo.

Kwa hayo, twapendekeza kwa wenzetu mambo matatu madogo ya darasani. La kwanza, kabla ya kufundisha umbo la barua, kila mwanafunzi aandike orodha ya kazi kumi alizozifanya kwa mikono yake, zilizolipiwa na zisizolipiwa, akitaja mahali na wakati. La pili, wabadilishane barua, na kila mmoja apige mstari chini ya kila kauli ambayo mwenzake hawezi kuitolea mfano; kauli hizo zifutwe au zisahihishwe. La tatu, wafanye usaili wa kuigiza, na miongoni mwa maswali liwemo moja ambalo jibu lake la haki ni "Sijui, lakini niko tayari kufundishwa." Watamke maneno hayo mpaka waweze kuyasema bila kuinamisha kichwa.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Barua ya kwanza ndiyo siku ambayo kijana ajieleza kwa mara ya kwanza mbele ya mgeni ambaye si mzazi wala mwalimu wake. Akijifunza hapo kwamba mtu huinuka kwa kujipaka rangi, atajipaka rangi katika hesabu za fedha, katika taarifa za kazi, na pengine siku moja katika hati za umma. Akijifunza kwamba alichokitenda kwa mikono yake, hata kiwe kidogo kama daftari la madeni ya ndizi, chastahili kuandikwa kwa jina lake halisi, ataingia kazini akiwa mdogo kwa umri na mzima kwa neno. Nasi, wenzetu walimu, tukiombwa kutia sahihi chini ya barua kama hiyo, kalamu haitakuwa nzito mkononi.