Mvua ya mezani

Mvua ya kweli haifai kwenye filamu ya vikaragosi. Unasogeza kikaragosi kidogo, unapiga picha, unasogeza tena, picha 12 kwa sekunde moja, wenye subira 24. Maji hayakusubiri. Kwa hiyo mvua yangu ni glisirini, hii hii ya kujipaka, nimeidondosha tone tone juu ya kioo mbele ya kamera. Ziwa ni nailoni, mawingu ni pamba. Dirisha langu hapa Bangwe linatazama Ziwa Tanganyika lenyewe, nami nimelipa kisogo nikihangaika na la nailoni. Nyumbani wananicheka, na wana haki.

Filamu ni ya dakika 2: mvuvi wa dagaa, karabai yake, dhoruba, mwisho wake.

Nilimwonyesha mzee jirani, mvuvi wa zamani, ambaye mdogo wake alitoka usiku mmoja usio na mbalamwezi na hakurudi. Akatazama mpaka wimbi la tatu.

"Mjukuu wangu, huu upepo unautuma wewe?"

"Ndiyo, babu. Kwa kidole."

Akanyamaza. "Basi huyu wako ana aliyemuua. Mdogo wangu hakuuawa na mtu."

Nikakwama hapo, na bado nimekwama. Tunaisifu dhoruba ya filamu kwamba ni "ya kweli", tukimaanisha inafanana. Lakini ziwani upepo hauna nia, na nadhani waliobaki hupata pa kupumulia hapo hapo: hakuna wa kumlaumu. Mezani kwangu kila wimbi lina mwenyewe. Kadiri ninavyolifananisha na la ziwani, ndivyo ninavyomficha huyo mwenyewe.

Katika King Kong ya 1933 manyoya ya yule sokwe yanatikisika hovyo, utadhani anapulizwa na upepo. Kumbe ni vidole vya waliokuwa wakimsogeza kati ya picha na picha. Wengi waliita kasoro. Wes Anderson akaja kuyaacha manyoya yacheze vile vile, makusudi, katika Fantastic Mr. Fox ya 2009. Kwangu mimi huo ni upepo mwaminifu: haukatai kwamba una mikono.

Utaniambia hata mwandishi wa riwaya humzamisha mhusika wake na hakuna anayemshtaki. Sawa. Ila yeye anaandika "akazama" mara moja, kisha anakwenda kunywa chai. Mimi namshika kichwa mtu wangu, namshusha kidogo, napiga picha, namshusha tena. Mkono unajua unachofanya hata kama kichwa kinasema ni udongo tu.

Juzi nilifuta alama zote za vidole kwenye nailoni. Jana nikazirudisha.

Jioni mzee akapita tena, akauliza kama karabai itazimika. Sijamjibu. Glisirini haikauki upesi. Leo asubuhi matone yapo pale pale kwenye kioo, na mtumbwi bado unaelea.