Nia Njema na Konokono wa Moorea

Ndugu zangu, hadithi ya nia twaijua sote, na mara nyingi tunaikimbilia kama kinga: nia yangu ilikuwa njema. Je, kinga hiyo inatosha pale aliyedhurika ni kiumbe asiyeweza kulalamika?

Tazameni kisa kilichoanzia Afrika Mashariki. Konokono mkubwa wa pwani yetu alisafirishwa na watu hadi visiwa vya Pasifiki. Alifika Tahiti mwaka 1967, akaanza kula mazao. Wataalamu wakaleta konokono mwingine, mla konokono wenzake, asili yake Florida, ili amle huyo mgeni. Katika kisiwa jirani cha Moorea aliachiliwa mwaka 1977. Yeye akapanda mitini kuwafuata konokono wadogo wa asili, Partula, wenye urefu wa sentimita mbili hivi, ambao hawakuwahi kugusa shamba la mtu. Baada ya miaka kumi walikuwa karibu wametoweka wote msituni. Waliookolewa walilelewa ndani ya visanduku, hata London.

Hakuna aliyekusudia uovu. Lakini mla konokono huyo alikwisha kuachiliwa Hawaii mwaka 1955, miaka 22 kabla. Aliyekuwa na nafasi ya kuuliza yaliyotokea huko akaacha, sioni atajifichaje nyuma ya nia yake.

Mtasema binadamu kwanza. Sawa. Sangara, yaani mputa tunayemnunua sokoni Arua, alitolewa Ziwa Albert akapelekwa Ziwa Victoria miaka ya 1950. Aliangamiza aina nyingi za samaki wadogo, lakini pia alilisha watu na kuleta biashara. Hapo mizani ni ngumu, nakiri. Moorea hakukuwa na mizani: Partula walikwenda na mazao hayakuokoka.

Katika kisa cha Nabii Suleiman, chungu aliwapa askari udhuru, kwamba wangewaponda bila kujua. Nabii alipomsikia, udhuru ule ulikwisha.

Nasi tunaosoma tumekwisha kusikia. Jumuiya ikipanga kupanda miti Koboko, mkalitusi utatajwa kwanza, kwa kuwa unakua haraka na kuni zinahitajika. Kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa, awepo wa kuwauliza wazee: bondeni hapa pana nini, na nani anategemea maji yake?