Simba Mwenda Pole Hajalala

Methali ya simba mwenda pole imekuwa panadoli ya semina za ujasiriamali. Mama muuza karanga akisimama na kueleza kwamba huu mwaka wa tatu biashara yake haijasogea, hujibiwa kuwa simba mwenda pole ndiye mla nyama, ukumbi ukapiga makofi, na hoja yake ikafungwa hapo hapo. Maneno hayo yanamtuliza, lakini pia yanamdanganya, maana anaondoka akiamini kuwa kuchelewa kwenyewe kunalipa. Methali haikusema hivyo. Anayesifiwa humo ni mnyama mwenye njaa, aliyekwisha kuona swala, anayechunga kila hatua kwa sababu akikanyaga kijiti kikavu tu, usiku huo halali na shibe. Kobe naye huenda pole, wala hatujasikia akisifiwa kwa kula nyama. Wapo wanaoichukua methali hii kama onyo kwamba mtu mkimya ni wa kuogopwa, na wapo wasemao kabisa “simba mwenda kimya”. Sigombani nao, kwani hata kwao ukimya ni wa mwenye windo. Ninachobisha ni hiki: je, tunafundishwa kusifu mwendo, au kusifu macho? Kwangu mimi ni macho. Mwendo huwa wa pole kwa sababu macho yana kazi.

Ushahidi tunao hapa hapa Dodoma. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilifika Kongwa na mpango wa kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika. Fedha zilikuwepo, wataalamu walikuwepo, na hata vifaru vya vita viligeuzwa matrekta ya kung'oa visiki. Kilichokosekana ni subira ya kuitazama ardhi. Uwanda huu una msimu mmoja wa mvua, nayo mara nyingi haizidi milimita 600 kwa mwaka. Wagogo hawakushikamana na uwele na mtama kwa kukosa akili. Kiangazi kilipoingia, udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu kama saruji, na karanga zikagoma kung'oka. Mpango ulivuna pungufu ya mbegu zilizonunuliwa. Mwaka 1951 ulizikwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikapotea. Simba huyu alikuja akinguruma, na hakula.

Sasa mtazame anayekuza biashara ya karanga hizo hizo kwa gunia moja. Kabla ya kuwasha moto anazimwaga kwenye ungo na kuzichagua moja moja: iliyosinyaa pembeni, yenye ukungu pembeni, iliyopasuka pembeni. Mpita njia ataona anapoteza muda. Lakini sumukuvu haionekani kwa macho, na ukungu ndio unaoileta. Mwaka 2016 sumu hiyo, kupitia mahindi, iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kuanika vizuri na kuchagua vizuri ndiyo hatua za pole zenyewe. Kuchagua peke yake hakumalizi hatari, lakini anayeruka hatua hizo anauza asichokijua. Huyu akishajua gunia lake linatoa pakiti ngapi, zipi zinarudi kwa kuchacha, na wateja wa stendi wanataka chumvi kiasi gani, hapo ana sababu ya kununua gunia la pili. Akifikia siagi ya karanga, atakwenda SIDO kupata mafunzo na TBS kupimiwa bidhaa. Yule aliyetangulia kuchapisha fulana na lebo za rangi kabla hajamaliza gunia la kwanza anafanya mambo ya Kongwa kwa bajeti ndogo.

Wapo watakaosema mji hausubiri. Ni kweli: tangu serikali itangaze kuhamia Dodoma mwaka 2016, walaji wamefurika. Sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao 410,000 katika eneo la jiji, na ile ya 2022 ikahesabu 765,000 na zaidi. Lakini swala naye hasubiri, na simba analijua hilo. Ndiyo maana pole yake ina mwisho: ikifika saa ya kuruka, anaruka. Mwenye kuuza chapati zile zile, zenye kasoro zile zile, miaka mitano, asijifiche nyuma ya methali hii. Huo ni uzembe uliovishwa kanzu ya subira.

Pingamizi zito zaidi ni la maskini. Mtoto anadaiwa ada leo, atakwendaje pole? Sina jibu jepesi, na wanaomhubiria subira mwenye njaa wanapaswa kuona haya. Lakini tuulize haraka yake inalipwa na nani. Hasara ya Kongwa ililipwa na walipa kodi wa Uingereza, na wakubwa walioupanga mpango ule hawakulala njaa. Mama lishe akichukua mkopo wa kausha damu ili afungue banda la pili kabla la kwanza halijasimama, marejesho yanaanza kabla wali haujaiva, naye anayalipa kwa mtaji, kisha kwa sufuria, kisha kwa kitanda. Tajiri akikosea anafuta hesabu, maskini akikosea anafutwa yeye. Kwa hiyo mwendo wa pole kwake ndiyo ngao pekee aliyo nayo, na anayemharakisha kwa kaulimbiu za “thubutu, fikiri makubwa” huku yeye mwenyewe akila posho ya semina anatenda dhambi, na nalitumia neno hilo kwa makusudi.

Basi wakufunzi, maofisa maendeleo na viongozi wa vikundi, msimwambie tena muuza chakula aende pole na kumwacha hapo. Muulizeni kwanza anatazama nini: bei ya gunia, kilichobaki jana, mteja ambaye hakurudi. Akiwa na jibu, mwacheni aende kwa mwendo wake. Akiwa hana, mfundisheni kutazama, maana bila macho hata simba hufa njaa.