Sura Mpya, Deni Lile Lile

Pale Garsen kulikuwa na duka la muvi ambapo ulipeleka flashi yako na shilingi hamsini, ukajaziwa msimu mzima wa tamthilia. Ugomvi wetu pale haukuisha: mhusika akitoka kwenye tamthilia moja, akarudi miaka baadaye kwenye nyingine na sura tofauti, huyo ni yeye, ama ni mtu mwingine anatumia jina lake?

Mimi nilikuwa upande wa wakali. Ushahidi wangu ulikuwa Waklingoni wa Star Trek. Miaka ya 1960 walikuwa na mapaji laini ya uso kama mimi na wewe. Filamu ya 1979 ikawaotesha matuta. Mwaka 1996 waandishi wakaamua kulifanya mzaha: Worf anaulizwa kuhusu wenzake wa zamani, anajibu kwamba hilo ni jambo wasilolizungumza na watu wa nje. Duka zima likacheka. Mimi nikasema huo ni uvivu wa waandishi.

Lakini kuna kipindi kimoja cha Deep Space Nine, cha 1994, kilichonifunga mdomo. Kor, Koloth na Kang, Waklingoni watatu wa zile za 1960, wanarudi. Waigizaji ni wale wale, wamezeeka, na sasa wana matuta. Kwa hesabu yangu hao si wao. Ila wamekuja kutimiza kiapo: kumlipiza aliyewaua watoto wao wa kwanza. Na wa nne kwenye kiapo hicho ni Dax.

Dax ni kiumbe anayeishi ndani ya mwili wa mtu. Mwili ukifika mwisho anahamishiwa kwa mwingine, na kumbukumbu zake zote. Aliyeapa alikuwa mzee Curzon. Sasa Dax yumo ndani ya Jadzia, mwanamke kijana. Kang anamwachilia: kiapo hakikufungi. Jadzia anakataa kuachiliwa.

Mwaka mmoja nyuma, 1993, swali hilo lilifika mahakamani. Jadzia anashtakiwa kwa kosa linalodaiwa kufanywa na Curzon. Je, anajibu yeye? Kesi inavunjika inapobainika kwamba Curzon hakuwa na hatia, alikuwa kwingine wakati ule. Swali lenyewe linaachwa likining'inia.

Nimeyaeleza haya yote kwa sababu ya fundi mmoja wa simu.

Agosti na Septemba 2012, mapigano kati ya Wapokomo na Waorma huku kwetu delta ya Tana yaliua watu zaidi ya 100. Riketa. Chamwanamuma. Kilelengwani. Mimi nilikuwa na miaka 11. Sikwambii mimi ni wa upande gani, maana ukijua utaanza kunisoma kwa upande.

Usiku mmoja nilichungulia dirishani nikaona wanaume wa kijiji chetu wakipita na mapanga, bila tochi. Mmoja nilimjua kwa mwendo wake. Baadaye akapotea, watu wakasema yuko Malindi. Miaka ikapita, akarudi mpole, ndevu zina mvi, akafungua kibanda cha kutengeneza simu. Anahudumia kila mtu, wa kwetu na wa upande ule. Hakuna anayemuuliza. Ni jambo tusilolizungumza, si na watu wa nje tu, hata sisi kwa sisi. Nikimtazama nilimkumbuka Worf, na sikuwa nacheka tena.

Kuna Mwingereza anaitwa John Locke. Mwaka 1694 aliongeza kwenye kitabu chake sura nzima juu ya swali hili, na akasema "mtu" ni neno la mahakamani: ni yule anayeweza kukubali kwamba tendo fulani la zamani ni lake, akasifiwa au akalaumiwa kwalo. Kinachomfanya mtu awe yule yule ni kwamba ufahamu wake unafika kwenye tendo lile. Mwili unaweza kubadilika upendavyo. Nilisoma nikasema haya, fundi amepatikana. Alitembea usiku ule, anakumbuka, basi ajibu.

Halafu nikakumbuka daftari.

Mwaka 2019 kijiji kilinifanyia harambee ya karo. Mama aliandika kila jina na kiasi, kwa kalamu ya bluu. Ile pesa niliila kwenye mikeka ya mpira. Karo yote, wasee. Nikaacha chuo mwaka wa pili, nyumbani nikasema chuo kina mambo mengi, si mnajua. Nimerudi nikiwa mwingine kweli: sibeti, naandika makala za watu mtandaoni, unga nanunua mwenyewe. Na nilitaka kila mtu akubali kwamba yule wa 2019 alikuwa mwigizaji mwingine, tamthilia nyingine.

Mstari wa saba kwenye daftari: fundi wa simu, Sh500.

Hapo ndipo nilipoona tulikuwa tunagombania kitu kisicho chenyewe pale dukani. Sisi wakali tulimtaka anayerudi awe na paji lile lile la uso, kana kwamba watu hawaruhusiwi kubadilika. Wapole walisema sura mpya, maisha mapya, yaishe. Lakini kama yule wa 2019 si mimi, basi mimi sijabadilika. Nimewekwa tu mahali pake, kama betri. Anayeweza kusema amebadilika ni yule tu anayekubali kwamba ya zamani ni yake. Jadzia alilijua hilo. Hakuwa na mwili wa Curzon wala tabia zake, ila alibeba alichoahidi Curzon. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema ni kuzaliwa upya.

Najua karo si damu, na silinganishi. Aliyofanya fundi usiku ule, kama alifanya, wenye haki ya kumuuliza ni waliozika. Mimi haki niliyokuwa nayo ilikuwa ya mstari wa saba.

Nikaenda kibandani kwake na noti ya mia tano. Nikamwamkia, nikamweleza yote, mpaka mikeka. Akanyamaza, bisibisi bado mkononi.

"Mama yako anajua?"

"Bado, mzee."

"Basi anza na yeye." Akaisukuma noti upande wangu wa meza.

Nilikuwa nimeshageuka aliposema, kwa sauti ya chini, "Wewe una bahati, mwanangu. Yako yameandikwa kwenye daftari."

Sikumuuliza alimaanisha nini. Mama nilimwambia jioni ile ile. Hakulia, alileta tu daftari na kalamu. Asubuhi nilirudi kibandani, na safari hii fundi aliipokea noti. Nimebakiza majina 34.